Nyumba haivunjwi na namba ya Richter

Usiku wa tarehe 16 Agosti 2012, yapata saa nne na nusu, kijiji cha Huizinge kaskazini mwa Uholanzi kilitikiswa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 3.6. Kwa msomaji wa Bukoba au Goma, hiyo ni namba isiyostahili hata mistari miwili gazetini. Matetemeko ya kiasi hicho hutokea duniani kila siku, mengi yake chini ya bahari au katika mapori yasiyo na watu, na hakuna anayeshtuka. Huizinge haikuwa hivyo. Kuta za matofali zilipasuka, na katika miezi iliyofuata maelfu ya kaya za mkoa wa Groningen zilipeleka madai ya fidia. Watu walioishi miaka yote wakiamini kwamba nchi yao tambarare haina matetemeko walianza kulala kwa wasiwasi.

Naanzia huko mbali kwa makusudi. Ni mahali pachache duniani ambapo matetemeko madogo yamepimwa kwa ukaribu kama Groningen, na ni mahali pachache ambapo wananchi wamelipa gharama kubwa kwa sababu vipimo vilichelewa. Sisi tunaoishi kandokando ya Bonde la Ufa tuna mengi ya kujifunza huko, ingawa ardhi yetu na yao hazifanani.

Tetemeko likitokea, swali la kwanza la waandishi wa habari ni ukubwa wake. Charles Richter alipobuni kipimo chake mwaka 1935 huko California, alitaka namba moja itakayoeleza tukio lenyewe, kule chini lilikoanzia. Ukipanda hatua moja katika kipimo hicho, mawimbi yanakuwa makubwa mara 10 na nishati inayotoka inaongezeka takriban mara 32. Ni namba nzuri kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini nyumba haiujui ukubwa wa tetemeko. Inachokipata nyumba ni msukumo kwenye msingi wake: nguvu yake, upande ulikotokea, mara ngapi kwa sekunde, na kwa muda gani. Hayo ndiyo yanayoamua kama ukuta utapasuka au utabaki mzima.

Kwa hiyo wahandisi wanapima mchapuko wa ardhi, yaani jinsi mwendo wa udongo unavyobadilika kwa ghafla, na kuulinganisha na nguvu ya mvutano wa dunia, inayoandikwa kwa herufi g. Pale Huizinge, kipimo cha juu kilichorekodiwa karibu na kitovu kilikuwa takriban 0.085 g, zaidi kidogo ya asilimia 8 ya mvutano wa dunia. Mtikisiko mkali ulikwisha ndani ya sekunde chache. Tetemeko kubwa la 7 au zaidi linaweza kuitikisa ardhi hata kwa dakika nzima, na urefu huo wa muda ndio unaochosha nguzo na kuangusha maghorofa. Matetemeko madogo hupiga mara moja, kwa mitetemo ya haraka haraka, kisha yakanyamaza. Mara nyingi hayaui. Yanapasua lipu, yanalegeza matofali, yanafungua nyufa juu ya milango na madirisha, na yakirudiarudia mwaka hadi mwaka yanamchosha mwenye nyumba kiasi ambacho hakuna mashine inayoweza kukipima.

Kilichoifanya Huizinge iumie ni kina. Chanzo cha tetemeko lile kilikuwa kilomita 3 tu chini ya miguu ya wanakijiji. Matetemeko mengi ya asili huanzia kilomita 10, 20 au zaidi, na mawimbi yake hupoteza nguvu njiani kabla ya kufika juu. La Huizinge halikuwa na safari ya kupotezea nguvu. Tena halikuwa la asili.

Gesi ya Groningen iligunduliwa mwaka 1959 karibu na mji wa Slochteren, na uzalishaji ukaanza mwaka 1963. Ilikuwa hazina ya takriban mita za ujazo bilioni 2,800, mojawapo ya kubwa zaidi duniani, iliyohifadhiwa katika vitundu vidogo mno vya mwamba wa mchanga, chini ya tabaka nene la chumvi. Kampuni iliyochimba, NAM, inamilikiwa nusu kwa nusu na Shell na ExxonMobil, na sehemu kubwa ya mapato ilikwenda serikalini. Gesi ilipokuwa ikitolewa, shinikizo ndani ya mwamba lilishuka. Mwamba uliobaki bila shinikizo hilo ulibanwa na uzito wa kilomita 3 za ardhi iliyo juu yake, ukasinyaa kidogo kidogo. Lakini mwamba ule umekatwakatwa na mipasuko ya kale, na pande mbili za mpasuko hazisinyai sawasawa. Msuguano unazishikilia kwa muda, mkazo unaongezeka, mpaka siku moja upande mmoja unateleza. Mtelezo huo ndio tetemeko.

Tetemeko la kwanza la aina hiyo kaskazini mwa Uholanzi lilisikika Assen tarehe 26 Desemba 1986. Mtaalamu wa jiografia wa mji huohuo, Meent van der Sluis, alisema hadharani kwamba chanzo ni uchimbaji wa gesi. Alipuuzwa na kubezwa. Ilichukua hadi mwaka 1993 ndipo utafiti rasmi ukakiri kwamba uchimbaji unaweza kusababisha matetemeko, na hata hapo ukaweka kikomo: tetemeko kubwa linalotarajiwa ni la 3.3. Huizinge ilikivuka kikomo hicho. Van der Sluis alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Hapa ndipo inapoanza kazi ya wataalamu wa kukadiria mtikisiko, na nataka niieleze vizuri kwa sababu huchanganywa na utabiri wa aina nyingine. Hakuna mtu duniani anayeweza kusema tetemeko litatokea Jumanne ijayo saa tatu asubuhi, na anayedai hivyo anapotosha watu. Kinachoweza kukadiriwa ni jambo jingine: likitokea tetemeko la ukubwa fulani, kwenye kina fulani, umbali fulani kutoka shule fulani, ardhi chini ya shule hiyo itatikisika kiasi gani? Jibu linatafutwa kwa milinganyo ya hesabu inayotokana na rekodi za matetemeko yaliyopita. Luis Esteva na Emilio Rosenblueth wa Mexico walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika mlinganyo kama huo, mwaka 1964. Tangu hapo imeandikwa mamia. Yote inajiuliza mambo matatu: chanzo kimetoa nguvu kiasi gani, njia imepunguza kiasi gani, na udongo wa mahali pale umeongeza au kupunguza kiasi gani.

Matetemeko makubwa ndiyo yaliyolisha milinganyo mingi, kwa sababu ndiyo yanayoua na ndiyo yaliyogharimiwa utafiti. Rekodi zake zimetoka California, Japani, Italia, Uturuki, na nyingi ni za ukubwa wa 5 kwenda juu. Mtu akichukua mlinganyo huo akauteremsha hadi kwenye tetemeko la 3, unakwenda kombo. Mwaka 2007 Julian Bommer na wenzake walionyesha kwamba mlinganyo uliojengwa kwa matetemeko makubwa, ukitumiwa nje ya mipaka yake, kwa kawaida huzidisha mtikisiko wa matetemeko madogo. Kosa hilo si la karatasini tu. Makadirio yakizidi, mradi unazuiwa bure na watu wanatishwa bila sababu. Yakipungua mahali ambapo chanzo kiko kina kifupi na udongo ni laini, watu wanaambiwa wako salama wakati kuta zao zinaachana.

Dawa yake ni moja: kupima papo hapo, kwa vyombo vingi, karibu na watu. Baada ya Huizinge, Taasisi ya Hali ya Hewa ya Uholanzi, KNMI, ambayo ndiyo yenye dhamana ya matetemeko nchini humo, ilijengewa mtandao mpya wa vituo takriban 70. Kila kituo ni kisima chembamba chenye kina cha mita 200. Ndani yake kuna vinasa mitetemo vinne, kimoja kila baada ya mita 50, na juu kabisa, usawa wa ardhi, kuna akselerometa. Mpangilio huo unamwezesha mtaalamu kulifuata wimbi moja likipanda. Kwenye mita 200 linaonekana jembamba na la haraka. Kwenye mita 150 na 100 limeanza kupunguza mwendo, kwa sababu udongo unazidi kuwa laini. Linapopungua mwendo, nishati yake inasongamana na kimo chake kinakua. Kwenye mita 50 za mwisho, ndani ya mfinyanzi na mboji iliyolowa maji, kimo kinaweza kuwa maradufu ya kile cha chini au zaidi. Safari yote hiyo haifiki sekunde moja.

Weka bakuli la uji mzito juu ya meza, kisha igonge meza kwa kiganja: meza inatikisika kidogo, uji unayumba zaidi. Groningen imejengwa juu ya uji. Wastani wa mwendo wa mawimbi mtambuko katika mita 30 za juu ni takriban mita 200 kwa sekunde, ilhali katika mwamba mgumu unaweza kuzidi mita 1,500. Na hata ndani ya mkoa mmoja uji huo haulingani. Pana mboji hapa, mchanga pale, na kuna vilima vilivyoinuliwa kwa mikono ya watu karne nyingi zilizopita ili kukwepa mafuriko ya bahari, ambavyo juu yake makanisa ya zamani bado yamesimama. Waliotengeneza kielelezo cha mtikisiko cha Groningen waliugawa mkoa katika kanda zaidi ya 100 kulingana na udongo wake. Kwanza wanakadiria mtikisiko kwenye tabaka gumu lililo kina cha mita 800 hivi, kisha wanaupandisha juu kanda kwa kanda.

Sambamba na visima hivyo, taasisi ya utafiti ya TNO ilifunga vipimo katika mamia ya nyumba za watu na majengo ya umma. Ni kisanduku kidogo kilichoshikizwa ukutani karibu na msingi, kinachopima mtikisiko unaoifikia nyumba yenyewe. Mimi naona hilo ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyofanyika kule. Mwenye nyumba hakutakiwa tena kubishana na wataalamu kuhusu alichokisikia usiku. Ukuta wake ulikuwa na shahidi.

Faida ya kuwa na macho mengi ilionekana tarehe 8 Januari 2018, tetemeko la 3.4 lilipopiga Zeerijp. Kwa kipimo cha Richter lilikuwa dogo kuliko la Huizinge. Lakini kituo cha Garsthuizen kilirekodi mchapuko wa 0.11 g, mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa wakati wa tetemeko la Huizinge. Dogo lilitikisa zaidi? Jibu la kweli lina pande mbili. Kila tetemeko lina tabia yake: jinsi mpasuko ulivyoteleza, ulielekea wapi, ulitoa mkazo kiasi gani. Pia mwaka 2012 vyombo vilikuwa vichache, na upo uwezekano mkubwa kwamba mahali palipotikisika zaidi usiku ule wa Agosti hapakuwa na chombo chochote. Namba ya juu kabisa inayotangazwa baada ya tetemeko inategemea pia chombo kimekaa wapi. Mahali pasipo na chombo panaonekana kwenye takwimu kama mahali palipotulia, hata kama watu walikimbilia nje wamebeba watoto.

Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hakupi namba moja. Anakupa namba ya katikati na mtawanyiko wake. Kwa tetemeko lilelile na umbali uleule, si ajabu kituo kimoja kurekodi nusu ya makadirio na kingine mara mbili yake. Wanasiasa na wakurugenzi hawaupendi mtawanyiko huo, wanataka namba iliyonyooka. Lakini nyumba zinazovunjika ziko kwenye ncha ya mtawanyiko, haziko katikati. Serikali inayopanga usalama kwa kutumia namba ya katikati peke yake inakuwa imekubali, bila kuwaambia, kwamba baadhi ya watu wataachwa.

Kuna swali ambalo wananchi wengi huuliza: je, tetemeko lililosababishwa na binadamu linatikisa tofauti na la asili? Mwaka 2013 John Douglas na wenzake walikusanya rekodi za matetemeko madogo kutoka maeneo sita: Basel huko Uswisi, Geysers huko California, Hengill huko Aisilandi, Soultz huko Ufaransa, na Roswinkel na Voerendaal huko Uholanzi. Baadhi yalisababishwa na miradi ya jotoardhi au gesi, mengine yalikuwa ya asili. Hawakuona tofauti ya wazi kati ya makundi hayo mawili. Tofauti kubwa ilikuwa kati ya mahali na mahali. Wimbi likishaanza safari halibebi cheti cha kuzaliwa. Linachotii ni kina, mwamba na udongo, na kwa sababu hiyo rekodi za matetemeko madogo ya asili zinaweza kusaidia kukadiria yale ya uchimbaji, na kinyume chake.

Basel ina kisa chake. Desemba 2006 mradi wa jotoardhi ulisukuma maji kwa shinikizo kubwa kilomita 5 chini ya mji huo ili kufungua njia ndani ya mwamba wa moto. Matetemeko yakaanza. Kulikuwa na utaratibu wa taa za barabarani: kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Taa iliwaka, wakasimamisha pampu, na saa chache baadaye, tarehe 8 Desemba, likaja tetemeko la 3.4. Mwamba uliokwisha kujazwa shinikizo haukungoja ruhusa. Bima ililipa mamilioni ya faranga kwa nyufa ndogondogo, na mwaka 2009 mradi ukafutwa kabisa. Pohang, Korea Kusini, ilipatwa na kubwa zaidi: tarehe 15 Novemba 2017 tetemeko la takriban 5.5 lilijeruhi watu wengi, na uchunguzi uliofuata ukalihusisha na mradi wa aina hiyohiyo. Oklahoma huko Marekani, maji machafu ya visima vya mafuta yaliyorudishwa ardhini yaliamsha mamia ya matetemeko kwa mwaka, hadi la Pawnee la 5.8 mwezi Septemba 2016.

Kasoro ya taa za barabarani ni kwamba nyingi zimewekwa kwa ukubwa wa tetemeko, halafu zikakopwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Uingereza iliweka kikomo cha 0.5 kwa uchimbaji wa gesi ya mwamba tabaka, kiwango ambacho binadamu hawezi kukihisi. Tarehe 26 Agosti 2019 pale Preston New Road likaja la 2.9 hata hivyo, na miezi miwili baadaye serikali ikasimamisha shughuli hizo Uingereza. Kikomo chenye maana kwa mwenye nyumba kingetokana na mtikisiko unaotarajiwa pale anapoishi, kwa udongo wa pale, kwa aina ya kuta za pale.

Narudi Groningen, kwa sababu sehemu inayoniuma bado sijaisema. Vipimo havikukosa kabisa kusikilizwa, vilisikilizwa na watu wasio na mamlaka ya kufunga bomba. Januari 2013, miezi mitano baada ya Huizinge, msimamizi wa migodi wa Uholanzi alishauri uzalishaji upunguzwe haraka kadiri iwezekanavyo. Serikali ikaagiza utafiti zaidi. Mwaka huohuo zilitolewa takriban mita za ujazo bilioni 54 za gesi, kiasi kikubwa kuliko miaka mingi iliyotangulia. Mwaka 2015 Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilisema bila kuficha kwamba hadi 2013 usalama wa wakazi haukuwa na nafasi yoyote katika maamuzi ya uchimbaji. Tume ya Bunge iliyotoa ripoti Februari 2023 ilihesabu kuwa taifa lilivuna takriban euro bilioni 363 kutokana na gesi hiyo, na ikahitimisha kwamba maslahi ya watu wa Groningen yalipuuzwa kwa utaratibu.

Kati ya yote yaliyofanywa kuwatendea haki, lililobadilisha maisha zaidi lilikuwa badiliko la sheria lililoanza mwisho wa mwaka 2016. Kabla ya hapo, mama mwenye nyufa jikoni alitakiwa athibitishe kwamba zimeletwa na gesi. Atathibitishaje? Hana kinasa mitetemo, hana ramani ya udongo, hana wakili. Baada ya hapo, uharibifu ndani ya eneo la matetemeko unachukuliwa kuwa umesababishwa na uchimbaji mpaka mchimbaji athibitishe vinginevyo. Visima vilifungwa rasmi kwa sheria Aprili 2024. Matetemeko hayajaisha, kwa kuwa shinikizo ndani ya mwamba bado linasawazika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na vyombo vinaendelea kupima.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilipigwa na tetemeko la 5.9 lililoua watu wasiopungua 16, likaharibu maelfu ya nyumba na kuziumiza vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Namba ya 5.9 ilitangazwa kila redio. Namba ambayo mhandisi wa kujenga upya Ihungo angeihitaji ni nyingine: ardhi ya kilima kile ilichapuka kiasi gani, kwa mitetemo mingapi kwa sekunde, ikilinganishwa na mabonde ya mjini? Vituo vya kudumu katika ukanda wetu viko mbali mbali, vingi vikiwa na kazi ya kutambua tetemeko limetokea wapi. Kukadiria mtikisiko tunaazima milinganyo ya wenzetu, iliyotengenezwa kwa miamba na udongo wao.

Goma ndiyo inayofanana na Groningen zaidi, ingawa mtu hawezi kulifikiria hilo haraka. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, magma haikuishia kumwagika mlimani. Ilijipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ilipita mita mia kadhaa tu chini ya makazi. Kwa siku kadhaa watu wa Goma na Gisenyi walitikiswa mfululizo na matetemeko ambayo makubwa yake yalikuwa ya 4 hadi 5 hivi. Barabara zilipasuka, majengo ya Rubavu upande wa Rwanda yakaumia, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Matetemeko madogo, kina kifupi, mji uliojaa watu: kwa mlinganyo uliojengwa kwa rekodi za California, hali hiyo haimo kabisa.

Dodoma nayo inajengwa kwa kasi juu ya tawi la Bonde la Ufa. Novemba 2002 tetemeko lilitikisa jengo la Bunge wakati kikao kikiendelea. Julai 2007, matetemeko yaliyoambatana na magma kupenya chini ya Gelai, karibu na Ziwa Natron, yaliwafanya wafanyakazi wa Nairobi wateremke ngazi za maghorofa kwa mbio. Ghorofa la Nairobi na nyumba ya tope ya Gelai zilipokea mitikisiko tofauti kabisa kutoka chanzo kimoja, kwa sababu mitetemo ya haraka hufa njiani na ile ya polepole, inayoyumbisha majengo marefu, husafiri mbali.

Haina maana kwamba hatuna utaalamu. Huko Olkaria, mtaalamu wa Kenya Silas Simiyu, pamoja na Randy Keller, alitumia maelfu ya matetemeko madogo mno kuelewa joto lilikojificha chini ya visima vya jotoardhi, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2000. Walioweza kusikiliza mitetemo isiyohisiwa na binadamu wanaweza pia kutuambia mtikisiko unaofika kwenye shule za Naivasha. Tanzania ina Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao yake yakiwa hapohapo Dodoma. Kongo ina wataalamu wa volkano wa Goma, waliofanya kazi hiyo hata vitani. Na vyombo havina bei ya zamani. Akselerometa ndogo, ya jamii ileile iliyomo ndani ya simu janja, haiwezi kunasa minong'ono ya mwamba, lakini mtikisiko wa kupasua ukuta inaunasa vizuri. Kisanduku kimoja katika kila shule ya sekondari ya Kagera, Dodoma, Mbeya na Arusha, kikishikizwa kwenye msingi na kutuma rekodi kwa intaneti, kingetupa baada ya miaka michache milinganyo ya kwetu. Rekodi hizo ziwe wazi kwa yeyote anayezitaka, kama KNMI inavyofanya, ili mwalimu wa fizikia na mwanasheria wa kijiji wazisome pamoja na mhandisi wa serikali.

Tunazo pia shughuli zetu zinazogusa ardhi ya chini. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikitolewa tangu 2004, na mipango ya gesi ya bahari kuu huko Lindi inasubiri uwekezaji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Sisemi kwamba mojawapo litatetemesha ardhi, kwa kuwa miamba haifanani na kila eneo lina historia yake. Lakini Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilipojaa maji liliandamana na matetemeko, na la Septemba 1963 lilizidi ukubwa wa 6. Vipimo vinavyohitajika katika miradi kama hii ni vya kabla ya kuanza na vya miaka yote inayofuata, vikiwa mikononi mwa chombo kisichopata faida kutoka kwenye mradi. Groningen ilianza kutoa gesi mwaka 1963, na mtandao wa visima vya kupimia mitetemo wa kaskazini mwa Uholanzi ulianza kazi mwaka 1995. Kwa miaka 32 hiyo hakuna anayeweza kumwonyesha mkazi wa Groningen ardhi yake ilikuwa ikifanya nini, na Lindi bado ina nafasi ya kufunga vyombo vyake kabla kisima cha kwanza cha bahari kuu hakijafunguliwa.